Jina Mgongoni mwa Gitaa

Izigo, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Koku,

Tumsifu Yesu Kristo, nawe umwitikie huko huko Nshambya ulipo. Hujambo waitu? Presha imeshuka? Ile dawa uliyosema inakukausha mdomo bado unaimeza, au umeanza tena ujanja wako wa kuimeza siku ya kwenda kliniki tu? Niambie kweli, maana nakufahamu.

Sisi huku tu wazima. Migomba ya upande wa chini imeshikwa na mnyauko, tumekata mashina kumi na moja tukayafukia. Mwanangu Julius yuko Bumbire anavua dagaa. Mkewe ametumiwa kanga mbili, mimi nimetumiwa sabuni, nayo nimeipokea kwa shukrani. Masikio yangu ni yale yale. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia kengele ya kanisa nikiwa nimesimama chini yake. Wajukuu wananiandikia kwenye daftari. Ndiyo sababu sikupigii. Ujumbe wa simu nao siutaki, kwa sababu simu yangu inashikwa na nyumba nzima, na neno ninalotaka kukuambia si la nyumba nzima.

Unajua kwamba sina jina la Kihaya. Nilipozaliwa, Mei 1968, baba yangu Rugemalira alikuwa na miezi mitatu kaburini. Babu akasema hawezi kunipa jina juu ya jina, kwamba mwenye mtoto alikwisha kulitoa kabla hajafa. Alilitoa wapi? Hakuna aliyesema. Nikabaki na la ubatizo peke yake. Shuleni mwalimu aliniuliza jina la nyumbani, nikasema sina, darasa zima likacheka.

Sasa sikiliza. Mama, siku nne kabla hajafariki, Desemba iliyopita, alimwita mjukuu akamwamuru aniandikie. Daftari ninalo. Alisema Baba alilichimba jina langu kwa msumari mgongoni mwa lile gitaa lake, chini ya jina lake mwenyewe. Hakulitamka kwa mtu, kwa kuwa jina la mtoto halitamkwi kabla hajazaliwa. Alikuwa na hakika ni msichana, eti kwa sababu Mama alikuwa anachukia harufu ya kahawa. Mama hakujua kusoma. Wiki ile ile Baba akafa kwa tumbo la siku tatu. Baba Mdogo, yaani baba yako Kahangwa, akalichukua gitaa akaenda nalo Kampala, akarudi mtu wa redio. Mama alimuuliza mara moja. Alijibiwa kwamba mgongoni hamna kitu ila mikwaruzo. Akanyamaza miaka hamsini na mitano. Mjane aliyerudishwa kwao angebishana na nani?

Najua gitaa liko kwako. Ndugu yako Avit alilileta Nshambya baada ya mazishi ya Baba Mdogo lisije likaliwa na mchwa. Naomba kitu kimoja tu, Koku. Ligeuze, kisha uniandikie ulichokiona.

Barua hii anakuletea Mwesiga wa gari la ndizi. Nijibu kwa mkono wake.

Dada yako,
Theopista

*

Nshambya, 17 Machi 2024

Dada yangu Theopista,

Kasinge waitu. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti kabisa, maana najua nimechelewa. Mwezi mzima! Usinihesabie. Kwaresima hii imenikuta na mambo mengi: mazoezi ya kwaya kila jioni, mafua, na jirani yangu Zabibu amevunjika mkono. Nimekuwa nampikia futari maana wao nao wamefunga, basi nyumba mbili zimefunga na mpishi ni mmoja. Dawa nameza. Nameza kila siku, nakuapia.

Pole sana kwa Mama Mkubwa. Nilipomwekea nia ya Misa nililia kama ni juzi. Pole na migomba pia. Fukieni mbali na mfereji.

Kuhusu gitaa. Dada, hujui gitaa lile limepita wapi! Tangu Baba afariki watu hawaachi kuniuliza habari zake, nami nimekuwa kama mwalimu wa historia. Ni gitaa kavu, lisilotumia umeme, lilitoka Kampala mwaka 1964. Lina nyuzi tano, si sita. Kigingi cha kukazia uzi wa sita kilivunjika, Baba akaziba tundu kwa kijiti cha mkahawa, akakaza zilizobaki kwa kufuata sauti za enanga, kinanda cha nyuzi cha wazee wetu, ndiyo maana hakuna mpigaji wa Dar aliyeweza kumwiga. Kwa ndani lina kiraka cha lubugo, ile nguo ya gome la mti. Unakumbuka redio ilivyokuwa ikimpiga Jumapili mchana? Watu walikuwa wanaacha chakula. Limesafiri juu ya baiskeli mpaka Biharamulo. Limenyeshewa, limetapikiwa na bwana harusi. Wakati wa vita vya Amin tulilificha ndani ya mtumbwi wa kukamulia pombe, tukalifunika majani ya mgomba, na Baba akasema tukiulizwa tuseme ni ndizi zinaiva.

Sasa kuna watu wa maonyesho ya muziki wa zamani, wanataka kulipeleka Dar liwekwe mahali pa heshima, na jina la Baba chini yake. Avit amefurahi mno. Kwa hiyo juma lililopita nimelipeleka kwa fundi Apolinary, huyu wa hapa Nshambya anayetengeneza mabenchi ya kanisa na majeneza, alitazame kidogo kabla wageni hawajaja. Likirudi nitalitazama na mimi, nitakuandikia.

Msalimie Julius. Mwambie dagaa wa Bumbire hata huku tunawala.

Mimi mdogo wako,
Gaudiosa Kokuhirwa

*

Izigo, 4 Aprili 2024

Mdogo wangu Koku,

Kristo amefufuka. Natumaini Pasaka ilikuwa njema na sauti ya kuimba ulikuwa nayo. Huku mvua haina huruma, kuni tunaanika ndani kama nguo za mtoto. Mkwe wangu amejifungua wa kike, mzima kabisa. Wamempa jina la nyumbani siku ya tatu, wakaniandikia kwenye daftari. Nilisema ni zuri, nikatoka nje.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia ukurasa mzima wa gitaa, mpaka na bwana harusi aliyetapika, na mgongo wake haumo.

Koku, mimi simdai mtu gitaa. Baba Mdogo alilipiga vizuri, Mungu amrehemu. Likae Dar, likae mbinguni, mimi sina masikio ya kulisikia. Ninachotaka kinaweza kuenea kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja. Nina miaka hamsini na mitano, nitatimiza hamsini na sita mwezi ujao. Sijawahi kumwona baba yangu hata kwenye picha. Hakuniachia shamba wala neno, ila hilo tu.

Mwambie fundi aligeuze.

Dada yako,
Theopista

*

Nshambya, 2 Juni 2024

Dada yangu mpenzi,

Amani ya Bwana. Hongera ya mjukuu, na hongera ya siku yako ya kuzaliwa iliyopita. Nilikukumbuka Misani, ingawa sikuandika. Huku tuko salama. Mkono wa Zabibu umeunga, lakini umeunga vibaya, sasa anasonga ugali kwa kushoto. Binti yangu wa Mwanza amepata kazi ya kufundisha. Presha ilipanda mwezi wa nne, nikalazwa siku mbili. Sikutaka kukwambia.

Wale watu wa maonyesho walikuja. Mkubwa wao ni binti mmoja anaitwa Yasmin, wazazi wake ni watu wa hapa mjini Bukoba, ana adabu sana, alivaa glavu nyeupe kama anakwenda kushika Ekaristi. Avit alikuja kutoka Kamachumu amevaa koti la Baba. Nikalileta gitaa sebuleni, linang'aa, mpaka unajiona uso. Yule binti akaduwaa.

“Mama, nani amelipaka vanishi?”

Nikamwambia, “Mimi, kwa fundi. Mgeni haonyeshwi kitu kichafu.”

Akakaa chini polepole. “Mama yangu, sisi tulikuwa tumeufuata huo uchafu.”

Avit akasema, “Huyu dada yangu siku akikutana na Bwana Yesu atamvua kanzu kwanza aifue.” Wakacheka. Mimi nilikwenda jikoni kutazama chai ambayo ilikuwa imeshachemka zamani.

Hata hivyo wamesema watalichukua, mwezi wa tisa, baada ya kuondoa matanga ya Baba.

Sasa, dada, nisikufiche. Apolinary ana namna yake ya kazi. Mbao ikiwa na mikwaruzo hachongi, anachanganya gundi na unga wa mbao, anaziba kila ufa, anapiga msasa laini, ndipo anapaka vanishi. Ndivyo anavyofanya majeneza yasionyeshe misumari. Basi na mgongo wa gitaa aliuziba vile vile. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo barua yako ya kwanza iliponifikia. Hakuna kinachoonekana sasa, ni laini kama sahani. Naomba unisamehe kwa haraka yangu ya usafi. Na hili jambo la jina tulikabidhi kwa Mungu anayetujua wote kwa majina yetu.

Mdogo wako,
Gaudiosa Kokuhirwa

*

Izigo, 9 Juni 2024

Koku,

Salamu. Huku hatujambo.

Barua yako ya Machi iko hapa mezani, ile ya Juni iko pembeni yake. Ya Machi inasema gitaa lilikwenda kwa fundi “juma lililopita”. Ya Juni inasema fundi alikuwa amemaliza barua yangu ilipofika. Nimemuuliza Mwesiga, ameniandikia kwenye daftari: barua alikupa mkononi Jumanne, siku moja kabla ya Majivu, ukaisomea hapo hapo kwenye gari la ndizi, ukamwambia aende tu, hakuna majibu.

Kutoka Majivu mpaka juma hilo lako la Machi ni siku ngapi? Siku zote hizo gitaa lilikuwa nyumbani kwako na barua yangu ilikuwa mkononi mwako.

Mimi ni kiziwi, Koku, mjinga si mimi. Darasa la saba nililimaliza kama wewe.

Na usinikabidhi kwa Mungu kwa jambo ambalo wewe unalijua. Kwa Mungu nakwenda mwenyewe kila asubuhi, simkosi, kwake nina majina yote. Hapa duniani ndipo sina. Nakuuliza wewe: kabla halijazibwa, palikuwa pameandikwa nini?

Theopista

*

Izigo, 25 Julai 2024

Mdogo wangu Koku,

Hujambo? Hujajibu. Mwesiga anasema amekuona sokoni na umepungua. Kula.

Huku kahawa tumeanza kuvuna. Julius amerudi Bumbire.

Sikuandikii kugombana. Nimefikiri, labda nilikuonea. Labda uliogopa kunikatisha tamaa, kwamba palikuwa na mikwaruzo tu kama alivyosema Baba Mdogo, au uliona herufi na hukuzitilia maanani, ukazisahau. Kama umesahau, andika kwamba umesahau. Nitakuamini, wala sitauliza tena, na matanga tutakula pamoja.

Dada yako,
Theopista

*

Nshambya, 18 Agosti 2024

Dada Theopista,

Nakusalimu kwa heshima yote, ingawa sijui kama utaipokea salamu yangu ukishamaliza karatasi hii. Mimi sijambo. Nyumbani hawajambo. Habari nyingine sina.

Barua yako ya Julai ndiyo iliyonikosesha raha kuliko ile ya hasira. Ulinifungulia mlango, dada. Neno moja tu, “nimesahau”, na ungeniamini. Niliandika neno hilo mara tatu, karatasi tatu, nikazichoma jikoni. Nimekuwa mtu wa kuzunguka ndani ya nyumba. Nafagia palipofagiliwa. Kwaya nimeomba ruhusa, maana nikifungua mdomo sauti haiji. Sikukuu ya Kupalizwa nilikwenda kitubio, na padre baada ya kunisikiliza aliniuliza swali moja tu: mwenyewe umemwambia? Nikasema bado. Akasema basi nenda kamwambie, na usimtetee marehemu.

Sikusahau. Siwezi kusahau.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka minane. Siku ile tunalificha gitaa kwenye mtumbwi wa pombe, Baba alikuwa anakata majani, akanipa nilishike. Siku zote lilikuwa linaning'inia ukutani, mgongo ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuuona mgongo wake. Nilikuwa nimejua kusoma mwaka ule, nikasoma kwa sauti. Juu: RUGEMALIRA. Chini yake: KOKUHIRWA.

Jina langu, dada. Nilipata furaha ambayo sijapata tena, hata siku ya harusi. Nikamkimbilia Baba. “Baba, umeniandika kwenye gitaa?” Alikuwa na panga mkononi. Alinitazama kidogo, akasema, “Ndiyo.” Kisha akaendelea kukata majani.

Nimeishi na ile ndiyo. Wenzangu walipata viatu, mimi niliandikwa kwenye gitaa lililokuwa linapigwa redioni. Kila wimbo niliusikia kama unaniita. Sikuwahi kujiuliza kwa nini jina langu liko chini ya la Baba Mkubwa aliyekufa miaka miwili kabla sijazaliwa. Mtoto hajiulizi, na nilipokuwa mtu mzima sikutaka kujiuliza.

Barua yako ya kwanza nilipoisoma pale kwenye gari la Mwesiga, nilielewa kabla sijafika mstari wa mwisho. Uliandika “chini ya jina lake mwenyewe” nami nikamwambia Mwesiga aende tu. Nilikwenda ndani, nikaligeuza gitaa kama ulivyoniomba. Nikakaa nalo siku nyingi. Nilijua mambo mawili: kwamba baba yangu alimdanganya mama yako, na kwamba nimevaa nguo ya mtu tangu nizaliwe. Kwa nini alifanya hivyo sijui. Labda alilipenda tu. Labda aliona vibaya jina la kaka yake lipotelee ukweni, akalileta nyumbani kwake. Lakini padre amenikataza kumtetea, basi naacha.

Mimi ndiye niliyelipeleka kwa Apolinary. Wageni walikuwa kisingizio. Yeye alisita, dada, ujue hilo, hana kosa. Alisema, “Mama, hapa mgongoni pana majina ya watu. Nayo niyazibe?” Nikamwambia, “Ziba yote.” Akauliza tena, “Hata hili la chini?” Nikamwambia, “Hilo hasa.”

Jumatatu iliyopita nimelirudisha kwake. Nilimwomba alifungue. Akasema vanishi ikiondolewa upande mmoja gitaa litakuwa limeharibika sura, hata watu wa Dar hawatalitaka tena. Nikamwambia anipe kipande cha kioo, nitakwangua mwenyewe. Tulikwangua wote wawili, yeye kwa kioo, mimi kwa sindano ya kushonea magunia, nikachokonoa ile gundi herufi kwa herufi, kutoka asubuhi mpaka kengele ya Malaika wa Bwana mchana. Vidole vimetoboka. Majina yamerudi. Si mazuri kutazama, mbao imechubuka pande zote, lakini yanasomeka, na yanashikika.

Avit nimempigia nikamweleza yote. Akasema mimi nimemzika Baba mara ya pili, na kwamba gitaa ni la mrithi, na nikilitoa nyumbani kwangu nisikanyage kibanja cha Baba huko Kamachumu, siku ya matanga wala siku nyingine. Nimelitoa. Mwesiga anakuletea pamoja na barua hii. Nimelifunga kwenye blanketi langu. Baki nalo.

Sitaki unijibu kwamba si kitu. Nataka kujua tu kama unaweza kunisamehe, na mimi niitwe nani sasa.

Gaudiosa

*

Izigo, 6 Septemba 2024

Mdogo wangu Gaudiosa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu. Vidole vimepona? Paka mafuta ya samli, usiache vikauke. Huku tuko wazima, mtoto mchanga ameanza kucheka, na kahawa imekuwa nzuri kuliko tulivyotegemea.

Mwesiga alileta mzigo Jumatano. Niliwaambia wajukuu watoke wote nje, nikafunga mlango. Nikalilaza kitandani kifudifudi kama mtoto wa kupakwa mafuta. Sikusoma kwa macho kwanza, nilisoma kwa kidole. Baba aliandika kwa nguvu, unajua? K ina mguu mrefu umekwenda pembeni, naona msumari ulimteleza. Ile A ya mwisho hakuifunga juu. Labda Mama alikuwa anamwita chakula. Nimepita na kidole mahali hapo mpaka ngozi ikawaka moto. Kisha nikalilia, nikamlilia na Mama ambaye alikuwa analiona siku zile za mwisho na hakujua linasemaje.

Umeniuliza kama nakusamehe. Sijui bado, Gaudiosa. Nasali Baba Yetu, nikifika pale panapohusika napita haraka. Naomba nisisukumwe. Ukweli umeniambia, lakini umeniambia baada ya kulizika jina langu kwa mikono yako, na barua yangu ukiwa nayo. Hilo linanichoma kuliko la Baba Mdogo, maana Baba Mdogo sikuwa namwandikia siri zangu.

Kuhusu utaitwa nani: utaitwa kama ulivyo. Miaka hamsini na minne umelibeba, liko kwenye cheti chako cha ndoa, watoto wako wamelizoea. Siwezi kukuvua. Lakini ijulikane mimi ni wa kwanza na wewe ni wa pili. Nililichimbiwa mimi, wewe ukapewa.

Na itajulikana hivi. Tarehe 28, Jumamosi, ukoo wote utakuwa Kamachumu, matanga yanaondolewa na Avit anakalishwa kwenye kiti cha urithi. Kabla hajakaa, utasimama mbele ya watu, uniite. Usihutubie, usieleze gitaa limepita wapi. Uniite tu kwa jina langu, kwa sauti, kama mtu anavyomwita mtu aje. Mimi sitalisikia, hilo tunalijua. Nitakaa mstari wa mbele nione mdomo wako ukilitamka, na waliobaki watasikia kwa niaba yangu. Nikishaitwa nitakuja mpaka uliposimama. Baada ya hapo Avit akitaka gitaa aje aniombe mimi, tutazungumza.

Amekukataza kukanyaga kibanja, najua. Mimi hajanikataza, nami ni mtoto wa kaka mkubwa wa baba yake. Mwesiga akupitie saa moja asubuhi, mje mnichukue hapa Izigo, tuingie pamoja. Akitufungia lango utaniitia hapo hapo langoni.

Najua unaogopa, na presha yako naijua. Meza dawa. Lakini sitaki kufika siku ile nikiwa natazama barabara bila kujua. Niandikie upesi, kwa gari la Jumatatu, kama unakuja au huji. Neno moja linatosha.

Dada yako,
Theopista Kokuhirwa Rugemalira